Kwa Nini Kifua cha Mnyaule Hakina Manyoya

"Mizigo arobaini ya manyoya, Mzee Sesembe, na mmoja umeukalia wewe!"

Bi Kurumwe aliyasema hayo akiwa wima ukingoni mwa tope la moto, mkia wake umesimama kama mwiko uliochomekwa kwenye ugali mgumu. Hakuamkia. Hakuuliza habari za nyumbani. Alikuwa ameshuka mlima mzima na neno moja tu kinywani, na neno hilo lilikuwa deni.

"Karibu kwanza, Bi Kurumwe," alijibu Mzee Sesembe bila kunyanyuka. "Kaa kitako upumue. Mgeni hasemi akiwa wima."

"Nikae juu ya nini? Juu ya kifua cha nani?"

Wagamba wenzake Sesembe waliokuwa wamejilaza kwenye mvuke wakacheka, cheko lao lile la kupiga ulimi, kwa, kwa, kwa. Kila mmoja wao alikuwa ameweka kipande cha manyoya chini ya makalio asiungue na mawe. Kile alichokalia Mzee Sesembe kilikuwa cha rangi ya majivu, kimeanza kuchakaa pembeni, na katikati kilikuwa na doa jeupe. Bi Kurumwe alilijua doa lile. Lilikuwa lake. Lilimkaa kifuani tangu utotoni, na mumewe marehemu alikuwa na mazoea ya kulitania kwamba ni ndege aliyempitia juu.

Sasa, ili ugomvi huu ueleweke, lazima mtu ajue Wanyaule walivyokuwa enzi hizo. Maana ukimwona Mnyaule wa leo utadhani aliumbwa hivyo alivyo. Hakuumbwa hivyo. Alifanywa hivyo.

Huko Nuhuri, dunia yenye majua mawili, Wanyaule ni watu wa jamii ya paka. Husimama kwa miguu miwili, nyuso zao pana, sharubu zao ngumu kama nyuzi za fidla, na mboni za macho yao zimesimama wima kama ufa wa mlango. Hayo walikuwa nayo tangu mwanzo na hayana kesi. Lakini enzi hizo masikio yao yalitazama mbele, kama ya mtu anayetarajia habari njema. Kucha zao zilikaa nje muda wote kama meno ya reki, hata kumkanda mgonjwa ilikuwa kazi. Koo zao zilitoa maneno na nyimbo, basi, hazikuwa na mngurumo wowote. Na ncha ya mkia wa kila mmoja ilikuwa na kishada laini ambacho vijana walikichana na kukipaka mafuta wakienda kuposa.

Ajabu yao kubwa ilikuwa kifuani. Kuanzia chini ya kidevu hadi kitovuni Mnyaule alikuwa na manyoya mazito ya kuvaa na kuvua. Alipitisha kidole chini ya kidevu, akayabandua yote kwa pamoja kama unavyobandua chapati kwenye kikaango, akayafua, akayaanika, kisha akayarudisha na yakashika mwilini papo hapo. Kipande cha mtu mmoja kikikunjwa na kufungwa kiliitwa mzigo. Mtu aliweza kumwazima jirani mwenye homa mzigo wake, na jirani akipona aliurudisha. Watoto walizaliwa uchi kama viazi vilivyomenywa, na mama aliyejifungua alibandua manyoya yake akamfunika mwanawe mpaka ya mtoto yatokeze. Hakuna mtoto aliyekufa kwa baridi enzi hizo.

Sharti lilikuwa moja. Manyoya yalishika tu yakirudishwa kwa hiari, na mkono uleule ulioyachukua. Ya kupokonya hayakushika. Ungeyabandika kutwa kucha, yangeanguka miguuni pako kama jani.

Chini bondeni waliishi Wagamba, watu wa jamii ya mijusi, wenye damu baridi na maneno ya moto. Joto lao lilitoka kwenye tope lililochemka bondeni mwao, na waliota mvuke wake kama sisi tuotavyo moto. Mwaka mmoja tope likapoa. Likaganda juu kama uji uliosahauliwa. Wagamba wakaanza kukakamaa mmoja baada ya mwingine, na wazee wao wakapanda mlimani wakiongozwa na Mzee Sesembe, wakitembea polepole, magamba yamewapauka.

Mzee Sesembe alipofika kwa Bi Kurumwe alisema, "Naomba manyoya, mama yangu. Naomba. Watoto wanakakamaa."

Neno hilo ndilo lililoleta msiba. Wanyaule ni watu wa adabu ya ulimi. Mtu akitaka chungu cha jirani kwa mchana mmoja husema naomba chungu. Akitaka ngazi husema naomba ngazi. Hakuna anayedhani kwamba ngazi imekuwa yake. Naomba, kwao, ni kanzu tu ambayo haja huvaa ili isionekane uchi. Bi Kurumwe aliyasikia maneno ya Sesembe kama ambavyo angeyasikia kutoka kwa jirani yeyote.

Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa mambo ya wazi. Hakusoma kwa mtu. Sheria zote za ukoo alizishika kwa kusikiliza mabarazani huku akichambua mboga, na alipozishika hakuzipinda. Cheupe kwake kilikuwa cheupe hata kama mwenye nacho ni mkwewe. Ndiyo maana alipopita nyumba kwa nyumba kuwaombea Wagamba, watu walibandua manyoya yao wakampa. Waliomwamini Sesembe hawakuwapo. Walimwamini yeye.

Aliyegoma alikuwa mmoja, Shangazi Fumwe, kizee mwenye sharubu zilizokatika upande mmoja.

"Kurumwe," alisema, "mwenye damu baridi hana haraka ya kurudisha joto."

"Toa, Shangazi. Watoto wale watakufa."

"Kukopa harusi, kulipa matanga."

"Mimi ndiye mdhamini."

"Haya. Basi siku hiyo nitakudai wewe. Yule wa magamba simjui, sijala naye." Akabandua mzigo wake, akautupa mlangoni, akaingia ndani akikohoa.

Mizigo ikatimia arobaini, pamoja na wa Bi Kurumwe mwenyewe. Kabla haijatoka, ikafanywa desturi. Wanyaule hawakuandikiana wala kulishana kiapo. Walifunga mkia. Mwenye kutoa na mwenye kupokea walisimama wakipeana migongo, mikia yao ikafungwa fundo moja, na shahidi akalivuta mara moja huku akitamka kilichotolewa. Fundo lilipofunguliwa hapo hapo mbele ya watu, maana yake ilikuwa zawadi. Fundo lilipoachwa hadi waachane wenyewe kwa kuchoka, maana yake ilikuwa deni, na mkia wa mdaiwa ulihesabiwa kuwa rehani. Mnyaule akikatika mkia hapati mwingine, huyumba akitembea mpaka kufa. Kwa hiyo hakuna aliyeuchezea. Bi Kurumwe na Mzee Sesembe walifungwa mikia, na fundo halikufunguliwa na mtu. Sesembe alisimama pale mpaka akachoka, akajinasua, akashukuru kwa machozi, akaenda na mizigo arobaini.

Hakuna Mnyaule aliyewahi kumuuliza Mgamba: je, mkia wako ukikatika, inakuwaje?

Lilikuwa swali la kitoto. Hata mtoto asingeliuliza.

Tope likachemka tena. Habari zilipanda mlimani kwa harufu kabla ya kupanda kwa midomo, maana mvuke wa bondeni hunuka yai viza. Wanyaule wakafurahi. Wakakaa na vifua vyao vitupu, ngozi ya kijivu yenye mikunjo kama goti la mzee, wakingoja. Jua Kuu liliwatosha kwa wakati huo. Wakangoja. Mavuno yakaja yakapita, na kila Bi Kurumwe alipotuma salamu bondeni alijibiwa kwa salamu. Salamu nzuri, ndefu, zenye kuuliza hali ya kila mtu kwa jina. Salamu haimfuniki mtu.

Kisha Jua Dogo likaanza kujificha, na hapo ndipo baridi ya Nuhuri inapotoka kwenye mawe. Binti yake Bi Kurumwe, Shirumbe, alikuwa na mimba pevu, anatembea akishika kuta. Mzigo wake Shirumbe nao ulikuwa bondeni.

"Mama," alisema asubuhi moja, "mtoto huyu nitamfunika na nini?"

Bi Kurumwe alichukua njia.

Ndiyo hivyo akafika pale ukingoni, akawakuta Wagamba wamekalia vifua vya watu.

"Tope limechemka, Mzee Sesembe," alisema. "Ninyi hamna baridi tena. Sisi tunayo. Mwanangu anajifungua leo au kesho. Nipe mizigo yangu nirudi."

"Mizigo yako?" Mzee Sesembe alipepesa kope zake mbili, ya juu na ya pembeni. "Bi Kurumwe, tusivunjiane heshima. Mimi nilipokuja kwako nilisema neno gani?"

"Ulisema unataka manyoya."

"Nilisema naomba. Sikusema niazime. Sikusema nikopeshe. Watu wote walisikia. Na aliyeomba akapewa, hadaiwi. Tangu lini ombaomba akarudisha sadaka? Itakuwa ni kukutukana."

Wagamba wakapiga ndimi zao. Mmoja akasema kutoka ndani ya mvuke, "Mwambie na thawabu zake zipo, azifuate mbele ya safari."

"Nitukane tu," alisema Bi Kurumwe. "Mimi sina shida na kutukanwa. Nina shida na manyoya. Mimi nawe tulifunga mkia, na fundo lile halikufunguliwa. Zawadi hufunguliwa. Lile lilikuwa deni na wewe unajua, ulisimama pale ukalalamika kiuno."

Hapo kicheko kikapungua kidogo, maana baadhi ya wazee wa Wagamba walikuwepo siku ile.

"Kweli tulifunga," alisema Sesembe. "Sikatai. Mimi si mtu wa kukataa. Na mdaiwa akishindwa kulipa, sheria yenu inasemaje?"

"Rehani ni mkia."

"Rehani ni mkia," alirudia Sesembe, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akanyanyuka, akageuka akampa mgongo, akautikisa mkia wake mara moja. Mkia ukakatika. Haukutoka damu. Ukaanguka kwenye jiwe ukawa unapiga mateke peke yake kama samaki, nao Wagamba wakalipuka kwa kicheko hadi wengine wakateleza kwenye tope. Pale ulipokatikia palikuwa pameshajifunga, na kijiti kipya cha kijani kilikuwa kinachungulia kama chipukizi la mhogo.

"Chukua, mama," alisema Sesembe akikaa tena juu ya lile doa jeupe. "Nimelipa. Sasa hatudaiani. Ukitaka mwingine, pita baada ya mavuno."

Kuna dhuluma ya kuvunja mlango, na mtu akivunjiwa mlango hupiga yowe watu wakaja. Halafu kuna hii nyingine, ya kukufuata kwa sheria yako mwenyewe, ikaivua nguo mbele yako huku ikikuita mama. Hii haina yowe. Ndiyo mbaya zaidi.

Bi Kurumwe alimrukia. Alitua juu ya jiwe, kucha zake kumi zote mbele, na Sesembe akalala chali akiwa na kucha za mkono mmoja shingoni. Mkono wa pili wa Bi Kurumwe ulikuwa tayari umelikamata lile doa jeupe. Angeweza kulivuta. Angeweza kulivuta na kuivuta mizigo yote kutoka chini ya kila kalio pale, maana hapakuwa na Mgamba wa kumzuia Mnyaule aliyekasirika.

Kisha akakumbuka sharti. Ya kupokonya hayashiki. Angepanda mlima na mizigo arobaini ya takataka, na mtoto wa Shirumbe angefunikwa kwa kitu kinachodondoka.

"Nipe kwa mkono wako," alisema.

"Siwezi kutoa kisicho deni."

"Sesembe, nipe kwa mkono wako."

Sesembe akafumba kope zote mbili.

Basi Bi Kurumwe akazirudisha kucha. Na kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda, maana kucha za Wanyaule zilikaa nje, alizirudisha kwa nguvu ya hasira, akazisukuma ndani ya vidole vyake mwenyewe mpaka zikazama, ukucha kwa ukucha. Iliuma. Hakulia. "Mimi nadai," alisema. "Siibi."

Akauokota ule mkia. Akaufunga kwenye ncha ya mkia wake, fundo lilelile la siku ile, ili watu wa mlimani waone alicholipwa. Akaanza kupanda.

Njia nzima alitembea akisikiliza nyuma. Alijua ni upumbavu. Lakini mwenye haki huwa mgumu kuamini kwamba ameachwa hivihivi, hudhani lazima mmoja kati ya wale, mmoja tu, ataona haya na kuita, "Bi Kurumwe, subiri, njoo uchukue chako." Alitega masikio nyuma kwenye kila kona. Aliyatega mpaka yakageuka kwenye mashina yao. Alisikia tope likitokota. Alisikia kicheko, halafu hata kicheko kikaisha. Hakuitwa.

Kijijini walikuwa wamejipanga njiani, vifua vitupu, mikono wameikumbatia. Shangazi Fumwe alikuwa mbele.

"Mizigo iko wapi?"

Bi Kurumwe akageuka, akaonyesha ncha ya mkia.

"Hiki nini? Kitoweo?"

"Ndiyo rehani yake, Shangazi. Ameikata. Imeota nyingine palepale."

Kizee akaushika ule mkia wa magamba kwa vidole viwili, akautazama. Watu walingoja amtukane, maana alikuwa na haki ya kutukana. Lakini alichosema kilikuwa, "Nilisema nitakudai wewe. Nimekosea. Fungua huo uchafu, mwanangu, ukanawe."

"Sifungui."

"Utaoza nao."

"Ataufungua Sesembe mwenyewe, siku atakayoleta mizigo. Yangu na yako." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwama. Kulikuwa na neno kooni, lile alilotaka kumwambia Sesembe alipokuwa chini ya kucha zake, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikupita juu wala kushuka chini. Wakati huohuo mlango wa nyumba yake ulifunguliwa, mkunga akaita.

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa uchi kama viazi vile, na alikuwa anageuka rangi ya bluu kuanzia midomoni. Shirumbe alimshikilia kifuani pake palipokuwa baridi kama sufuria la jana. Wakaleta majani. Wakaleta mikeka. Moto uliwaka upande mmoja wa mtoto, upande wa pili ukapoa.

"Mama, anaacha kulia," alisema Shirumbe.

Bi Kurumwe akamchukua mjukuu wake akamlaza juu ya kifua chake kitupu. Na pale, mtoto yule alipomgusa pale hasa ambapo doa jeupe lilitakiwa kuwepo, hasira ikampanda hivi kwamba mwili mzima ulitetemeka. Lile neno kooni likataka kutoka, likakosa njia, likaanza kuzunguka palepale kama jiwe la kusagia. Rrrrr. Nyumba nzima ilisikia. Mifupa ya kifua chake ikatikisika, na kifua kilichotikisika kikapata moto. Rrrrr. Ngozi ile ya kijivu ikawa na joto la mkate. Mtoto akavuta pumzi. Akalia.

"Unafanya nini?" aliuliza Shangazi Fumwe mlangoni.

"Nimekasirika," alisema Bi Kurumwe.

Kizee akafikiri kidogo. Akaingia, akakaa chini, akamlaza Shirumbe kifuani pake. "Hata mimi," alisema, na koo lake likaanza kusaga. Nje, wote waliokuwa wamemwamini Kurumwe wakawachukua watoto wao wadogo, na mlima mzima ukanguruma mpaka Jua Dogo liliporudi. Hakufa mtoto.

Mzee Sesembe hakuja. Alikufa kwa uzee, juu ya ule mzigo wenye doa jeupe.

Na tangu siku hiyo Mnyaule amekuwa hivi mnavyomwona. Kifua chake hakioti manyoya, kwa sababu nafasi ile ina mwenyewe na bado inangojewa. Kucha zake hukaa ndani ya vidole, na hutoka tu anapokumbuka. Masikio yake yametazama nyuma, na ukimwita kutoka mbele itabidi uite tena. Ncha ya mkia wake haina kishada. Ina magamba, kwa sababu fundo la Bi Kurumwe halikufunguliwa mpaka akazikwa nalo, na watoto wa mjukuu yule walizaliwa nalo. Wakiwa wamekaa kimya utaiona ncha ile ikipiga chini, tap, tap, yenyewe, kama siku ile juu ya jiwe.

Na huo mngurumo. Wageni wanaofika Nuhuri wakiusikia hutabasamu, husema kiumbe huyu amefurahi, huyu ameridhika, wakanyoosha mkono wampapase. Hajafurahi. Hajaridhika na chochote. Anadai.

Kila Jua Dogo likikaribia kujificha, mtu wa ukoo wa Kurumwe hushuka bondeni mpaka ukingoni mwa tope. Wagamba humkaribisha kwa salamu nzuri, ndefu, na humwambia akae. Hakai. Huwaambia kwamba deni halifi na aliyelikopa, huwaambia dawa ya deni ni kulipa, na wakianza tena habari za aliyesema naomba na aliyesema niazime, huwakatiza.

"Mizigo arobaini. Manyoya, si mikia. Kwa mikono yenu. Leteni."